Mvua hewa: nani anapindua kipimamvua wakati mbingu ni kavu?

Kumepambazuka, na skrini ya sebuleni inasema usiku kumenyesha milimita 4.2. Nje vumbi liko palepale, na nguo zilizolala kwenye kamba ni kavu kabisa. Serikalini kuna wafanyakazi hewa. Kwenye vituo vya hali ya hewa vya nyumbani kuna mvua hewa, na kama ilivyo kwa wale wafanyakazi, ukitaka kuipata lazima upekue daftari la mahudhurio.

Daftari lenyewe ni muda wa kila mpinduko. Vipimamvua vingi vya nyumbani vina faneli inayokusanya maji na kuyadondosha kwenye pembea ndogo ya plastiki yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kikijaa, pembea inapinduka na kumwaga, na chumba cha pili kinaanza kupokea. Pembea ina sumaku, na kando yake kuna swichi ya sumaku inayojifunga kwa sehemu ndogo ya sekunde kila sumaku inapopita. Kituo hakijui mvua wala jua, kinahesabu tu swichi imejifunga mara ngapi, kisha kinazidisha kwa milimita 0.2 au 0.3 kulingana na kifaa. Chochote kinachoweza kufunga swichi hiyo, awe mjusi, pampu ya maji au mbuzi, kwa kituo ni mvua.

Kwa hiyo kabla ya kupanda ngazi na bisibisi, fungua grafu ya dakika kwa dakika, si jumla ya siku. Milimita 4.2 zilizoingia kwa mkupuo saa nane usiku si sawa na milimita 4.2 zilizodondoka moja moja kila baada ya dakika tisa. Kila chanzo kina mwendo wake.

Kwanza, kile kisicho na madhara: mpinduko mmoja tu, alfajiri, bila wingu. Huo ni umande. Usiku mzuri wa umande hutoa sehemu chache za kumi za milimita, na kwenye nyanda za juu kama Njombe, Lushoto au Limuru ukungu huongeza chake. Mara nyingi umande wenyewe haukutosha kujaza chumba. Mvua ya juzi iliacha chumba kikiwa karibu kujaa, na matone machache yakamalizia. Faneli ndogo ya mstatili ya sentimita 11 kwa 5 ina eneo la sentimita za mraba 55, hivyo mpinduko wa milimita 0.3 ni mililita 1.65 tu za maji, theluthi ya kijiko cha chai. Usirekebishe chochote hapo.

Mambo huanza kuwa magumu kwenye mwendo wa pili: mipinduko iliyopangana kama shanga, mvua ikiwa imekwisha saa nyingi zilizopita. Unaona mpinduko, dakika sita, mpinduko, dakika saba, mpinduko, dakika tisa, na nafasi zinazidi kupanuka hadi asubuhi. Mvua ya kweli haina adabu kiasi hicho; huja kwa mikupuo na kusita. Mwendo unaopungua taratibu namna hii ni wa maji yaliyosimama ndani ya faneli na kupenya kwenye kizibo: kadiri kina kinavyoshuka, ndivyo msukumo unavyopungua na matone yanavyochelewa.

Mjenzi wa kizibo mara nyingi ni nyigu wa udongo. Tundu la chini ya faneli lina upana wa milimita chache na limekingwa na jua, yaani nyumba iliyokwisha jengwa, amebakiza mlango tu. Jike huingiza humo viwavi au buibui aliowachoma, anataga yai, anaziba kwa udongo. Kazi hiyo humalizika kwa siku moja au mbili, na kwa kuwa huifanya wakati wa kiangazi hutajua mpaka mvua za kwanza za vuli. Watu wengine wa tundu hilo ni buibui, ambaye utando wake hushika vumbi na mbegu hadi ukawa kama kitambaa, na popo wanaotafuna kungu juu ya mti na kutema kapi chini. Pwani ongeza kunguru. Wanapenda kutua mahali palipoinuka penye ukingo mwembamba, na ukingo wa faneli ni kiti kilichotengenezwa kwa ajili yao. Kinyesi kikikauka huwa kigumu kama plasta.

Hapa kuna jambo linalopotosha wengi. Faneli iliyoziba nusu haikuongezei maji. Jumla ya milimita inaweza kuwa sahihi kabisa ilhali muda ni wa uongo, na kasi ya mvua ni ya uongo zaidi: dhoruba ya milimita 40 kwa saa inaandikwa kama manyunyu ya usiku kucha. Vituo vya nyumbani hufunga hesabu ya siku saa sita usiku, kwa hiyo mvua ya Jumatatu jioni inahamia Jumanne. Ukifuta hiyo ya Jumanne kwa kuwa hakukuwa na wingu, umefuta mvua iliyonyesha. Irudishe nyuma, usiifute. Kama faneli ilifurika, sehemu nyingine imepotea na hakuna hesabu ya kuirudisha.

Kuzibua kuna utaratibu. Usisukume waya kutoka juu. Udongo utaangukia kwenye pembea, na pembea yenye tope upande mmoja hupinduka kabla ya kujaa, hivyo umetoka kwenye kosa la muda ukaingia kwenye kosa la kiasi. Ondoa faneli yote, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 15, kisha sukuma kwa njiti ya chelewa kutoka chini kwenda juu. Plastiki ikichubuliwa na chuma matone hushikilia kwenye mikwaruzo. Usipake mafuta kwenye mhimili wa pembea. Mafuta hukamata vumbi na baada ya mwezi una gundi. Dawa ya kupuliza wadudu nayo iache dukani, kwani huacha utando wa mafuta ndani ya chumba na huweza kudhoofisha plastiki.

Kwa kinga, weka chujio lenye matundu ya milimita 3 hadi 5 juu ya tundu. Watu hukimbilia wavu wa mbu kwa sababu ndio uliopo, lakini matundu yake madogo hushika utando wa maji, na manyunyu hayapiti, hubaki juu na kukauka. Wavu wa mbu wa chuma una kazi sehemu nyingine: funika nao matundu ya chini na ya ubavuni ili mijusi na siafu wasiingie, mradi uhakikishe maji ya pembea bado yanatoka. Nguzo ifungie kitambaa kilichopakwa grisi upana wa vidole vinne. Kunguru utawazuia kwa vijiti vya waya vilivyosimama kuzunguka ukingo, vikizidi faneli kwa urefu wa kiganja na vikiinama nje kidogo, ili tone la mvua linaloshuka kwenye waya lisiingie ndani.

Mjusi kafiri anastahili aya yake. Akiingia ndani ya gamba la kipimamvua hupata kivuli, wadudu na pembea ya kuchezea. Anapoipanda inapinduka, anaposhuka inarudi, kwa hiyo mwendo wake ni mipinduko miwili au mitatu ndani ya sekunde chache, kimya kwa saa nzima, kisha tena, na karibu yote ni usiku anapowinda. Hakuna mvua duniani inayopindua pembea mara tatu ndani ya sekunde nne halafu inyamaze. Siafu na sisimizi ni kinyume: hawapindui, bali hubeba mayai na mchanga ndani ya chumba kimoja hadi pembea inalala upande mmoja na kukataa kuinuka. Hapo mvua inanyesha na skrini inasema sifuri.

Kisha upepo. Weka grafu ya kasi ya upepo juu ya grafu ya mvua. Kama mipinduko inaangukia kwenye vilele vya upepo na hakuna wingu, nguzo inatikisika. Pembea ambayo chumba chake kimebakiza kidogo tu kijae inapinduliwa na mtikisiko mdogo sana. Hii ndiyo hasara ya vituo vya kila kitu katika kimoja, ambavyo kipima upepo kinataka kuwa juu na kipimamvua kinataka kuwa chini, na mtengenezaji kavifunga kwenye fito moja. Ukiweza, vitenganishe. Ukishindwa, tumia bomba la chuma la inchi moja na nusu, si PVC, na lifunge kwa waya tatu zilizokazwa pande tatu. Mtikisiko hautoki kwa upepo peke yake. Kituo kilichofungwa kwenye ukuta wa geti huandika mvua kila geti la chuma linapobamizwa, yaani magari yanapotoka asubuhi na yanaporudi jioni. Nguzo iliyosimama shambani hutikiswa na ng'ombe na mbuzi wanaojikuna. Vifaa visivyo na pembea, vinavyosikia mdundo wa tone juu ya kigae, huathirika zaidi: kunguru akidonoa kile kigae, kifaa kinasikia tone nono.

Kuna maji ya kweli ambayo si mvua. Bomba la kiyoyozi la ghorofa ya juu linadondosha maji mchana kutwa wakati wa joto la Januari, na upepo ukiyasukuma hata nusu mita yanaingia kwenye faneli. Mwendo wake: yanaanza wenye nyumba wanapowasha, yanakoma wanapozima, na hayapo wikendi kama ni ofisi. Tangi la juu likifurika alfajiri maji ya bomba yanaporudi ni vivyo hivyo. Na bati: baada ya mvua, matone kutoka kwenye ukingo wa paa au majani ya mwembe huendelea kwa saa nzima, makubwa na mazito. Dawa ya haya yote ni umbali. Kizuizi chochote kiwe mbali na kipimamvua mara mbili ya urefu wake, na ukipata nafasi fanya mara nne.

Sasa umeme, ambako waliojijengea kituo kwa bodi ya Arduino au ESP32 (kompyuta ndogo unazoziandikia programu mwenyewe) ndiko wanakolia zaidi. Kabla ya kufungua programu, fanya jaribio moja: chomoa waya pale kwenye kipimamvua, sio pale kwenye bodi, na uuache hivyo siku mbili. Mipinduko ikiendelea, chanzo ni waya, bodi au programu. Ikikoma, rudi kwa mijusi. Kama kifaa chako hakina waya, funga pembea kwa utepe wa gundi isiweze kusogea, na usome matokeo kwa namna ileile.

Kosa la kwanza ni swichi kudunda. Vipande viwili vya chuma ndani ya kioo vinapogusana, hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na bodi yenye kasi inahesabu kila mruko. Dalili ni mvua mara mbili au tatu ya jirani, lakini tu wakati inanyesha kweli. Iambie programu ipuuze mguso wowote unaokuja ndani ya milisekunde 250 baada ya uliotangulia. Wengine huogopa kwamba watapoteza mvua kubwa. Piga hesabu: kwa kifaa cha milimita 0.2794 kwa mpinduko, ambacho ndicho kinachouzwa kwenye seti nyingi za wanaojijengea, mvua ya kutisha ya milimita 200 kwa saa ni mipinduko 716 kwa saa, yaani mmoja kila sekunde tano. Robo sekunde haipotezi kitu.

Mara mbili kamili, kila mara, ni jambo tofauti. Hapo sumaku inapita karibu mno na swichi na kuifunga mara mbili ndani ya safari moja, mara ikikaribia na mara ikiondoka, au swichi imehama kutoka katikati. Sogeza swichi nyuma kwa milimita moja, ujaribu kwa kidole polepole huku ukisikiliza mlio wa mita ya umeme iliyounganishwa na swichi. Mpinduko mmoja, mlio mmoja.

La pili ni pini isiyo na mwenyewe. Swichi ikiwa wazi, pini ya bodi, yaani mguu unaosoma swichi, inapaswa kushikiliwa juu, kwenye volti ya bodi, na rezista, kipande kidogo kinachozuia mkondo. Isiposhikiliwa inaelea, na mkono wako ukipita karibu tayari ni mvua. Kwenye ESP32 pini za 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, hata ukiandika kwenye programu kwamba unaitaka. Programu haitalalamika na haitakusaidia. Pini za 36 na 39 zina ugonjwa wao wa ziada: sehemu fulani za ndani za chipu, kama ile ya kupima volti, zikiwashwa, pini hizo huvutwa chini kwa kitambo kifupi sana, nanosekunde 80 hivi, na kinatosha kuhesabiwa. Dalili yake ni mpinduko hewa kila unapopima betri. Hamia pini 25, 26, 27, 32 au 33 na uweke rezista ya nje ya kilo-ohm 10 kutoka kwenye pini hadi volti 3.3.

Waya mrefu ni antena. Ukipita sambamba na waya wa pampu, kila pampu inapowaka utapata mpinduko, na radi ikipiga kilomita kadhaa mbali utapata mwingine. Tumia jozi moja iliyosokotwa ya waya wa mtandao, vuka waya wa umeme kwa pembe mraba badala ya kwenda nao bega kwa bega, na weka kapasita (kipande kinachohifadhi chaji kidogo) ya nanofaradi 100 kati ya pini na ardhi ya umeme (GND), pale kwenye bodi. Weka pia rezista ya ohm 100 mfululizo na waya wa swichi, la sivyo kapasita humwaga chaji yake yote ghafla kupitia swichi na kuichoma kidogo kidogo.

Modemu ya simu nayo ina saini isiyofichika: mpinduko mmoja kila dakika 15 kamili, kila kituo kinapotuma data. Modemu kama SIM800 inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa mishtuko, volti inashuka, na pini inasoma sifuri. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na modemu, na waya mnene wa umeme, huondoa tatizo hilo mara nyingi.

Ukiona mvua ya milimita 19,660 kwa dakika moja, usitafute mjusi. Vihisi visivyo na waya vingi havitumi mvua, hutuma kihesabu kinachopanda tu, na kituo hupunguza hesabu ya awali kutoka kwenye hesabu mpya. Ukibadilisha betri kihesabu kinarudi sifuri. Programu iliyoandikwa kwa haraka inadhani kimefika kikomo chake cha 65,536 na kuanza upya, inaongeza kiasi hicho, kisha inazidisha kwa 0.3. Weka sharti: tofauti ikiwa hasi, au ikizidi mipinduko 20 kwa dakika, anza upya bila kuandika mvua. Ndugu yake ni kihisi cha jirani. Vingi hutumia masafa yaleyale ya megahezi 433 na hujipa namba mpya kila betri inapobadilishwa, hivyo nyumba mbili zenye kifaa cha aina moja zinaweza kugongana namba. Hapo hata joto litarukaruka, nyuzi 31 kisha 27 kisha 31. Toa betri dakika chache, rudisha, sajili upya.

Umeshasafisha na kukaza. Sasa hakikisha kiasi. Kinachohitajika kinapatikana duka la dawa: sirinji ya mililita 20 ya kupimia maji na mrija wa dripu wenye kibano. Chukua mfano wa faneli ya duara yenye kipenyo cha sentimita 16.5. Eneo lake ni sentimita za mraba 214, kwa hiyo milimita 10 za mvua ni mililita 214, na kwa pembea ya milimita 0.2 inapaswa kupinduka mara 50. Hakikisha kwanza kwa pimamaji kwamba kipimamvua kimelala sawa pande zote mbili. Pima mililita 214 kwenye chupa, ining'inize juu ya faneli, na ukaze kibano hadi maji yaishe kwa saa nzima. Mrija wa matone 20 kwa mililita unatoa matone 71 hivi kwa dakika. Ukimwaga haraka unapima kitu kingine. Mipinduko kati ya 48 na 52, acha. Ikizidi, vyumba vinapinduka mapema, teremsha skrubu za chini ya pembea nusu mzunguko, zote mbili kwa kiasi kilekile, kisha rudia. Ikipungua, zipandishe. Mipinduko hiyo 50 iondoe kwenye kumbukumbu ya siku, kabla hujajiandikia mvua hewa ya milimita 10 kwa mkono wako mwenyewe.

Hata baada ya hapo, dhoruba ya masika itasomeka pungufu kidogo. Kwa mvua ya milimita 100 kwa saa pembea ya 0.2 inapinduka kila sekunde 7.2, ikichukua theluthi ya sekunde kuvuka, maji yanayoingia wakati huo yanaongezwa kwenye chumba kilichokwisha jaa na hayahesabiwi, karibu asilimia 5. Ndiyo maana kipimamvua cha mkono bado kina nafasi yake kando ya kile cha umeme. Kile cha kawaida cha inchi tano, milimita 127, kinapata mililita 12.7 kwa kila milimita ya mvua, na husomwa saa tatu asubuhi. Unapolinganisha, chukua kutoka kwenye kituo mvua ya saa tatu hadi saa tatu, si ile jumla ya saa sita usiku iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini.